Kabla Hujaweka PIN: Jinsi Saikolojia Inavyotumiwa Kukuuzia Vitu, Hofu na Wanasiasa

Ni saa tatu usiku, siku mbili tu baada ya mshahara kuingia. Simu inalia: "Ofa ya leo pekee! Vimebaki vitatu!" Unafungua, unachagua, unaweka PIN, na meseji ya kuthibitisha malipo inaingia. Yote hayo hayajachukua dakika mbili. Asubuhi unaangalia salio na kujiuliza: kwani nilikuwa nahitaji hii kitu?

Kama hilo limewahi kukupata, usijilaumu sana. Wewe si mjinga na hauko peke yako. Nyuma ya meseji fupi kama hiyo kuna ujuzi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja na watu waliosomea akili ya binadamu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ukiona jahazi baharini, ujue kuna fundi alichonga mbao. Na ile hamu iliyokushika saa tatu usiku nayo ina mafundi wake.

Leo tutawaangalia hao mafundi: walikuwa nani, walifanya nini, na kwa nini mbinu zilezile zinauza sigara, zinatafuta kura na zinatumiwa na matapeli wanaolenga pesa zako za simu. Mwishoni kuna maswali manne ya kujiuliza kabla ya kubonyeza "Tuma".

Mpwa wa Freud na sigara za New York

Sigmund Freud alikuwa daktari wa Vienna, Austria. Alifundisha kwamba mengi tunayofanya yanatokana na hamu na hofu zilizojificha ndani yetu, ambazo hata sisi wenyewe hatuzitambui. Freud alitaka kutumia elimu hiyo kutibu wagonjwa.

Dada yake alikuwa na mtoto aitwaye Edward Bernays, aliyezaliwa Vienna mwaka 1891 na kukulia Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Bernays alifanya kazi katika kamati ya serikali ya Marekani iliyoeneza propaganda ili raia waunge mkono vita. Vita vilipokwisha akawaza: kama mbinu hizi zimefanya kazi vitani, zitashindwaje sokoni? Mwaka 1928 alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo, na hakuona haya kukiita *Propaganda*.

Kisa chake kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1929. Wakati huo Marekani ilikuwa aibu kwa mwanamke kuvuta sigara barabarani. Kampuni ya American Tobacco, watengenezaji wa Lucky Strike, iliona kwamba inakosa karibu nusu ya wateja. Ikamtafuta Bernays. Naye akaenda kwa mtaalamu wa mafundisho ya Freud, A. A. Brill, akamuuliza: sigara ina maana gani kwa mwanamke? Brill akamwambia kwamba kwa wanawake wanaotaka usawa, sigara inaweza kuwa kama mwenge wa uhuru.

Hilo likatosha. Siku ya Pasaka, kwenye gwaride la barabara ya Fifth Avenue jijini New York, wasichana waliopangwa na Bernays waliwasha sigara mbele ya watu. Waandishi wa habari walikuwa wameshadokezewa. Kesho yake magazeti yakaandika habari za wanawake waliowasha "mienge ya uhuru". Wanawake wa nchi nzima walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwaka 1920, miaka tisa tu nyuma. Kwa hiyo sasa mtu akipinga sigara ya mwanamke, anaonekana kama anapinga haki zake.

Tusitie chumvi. Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wameanza kuvuta kabla ya siku hiyo, na gwaride moja halikubadilisha nchi. Lakini angalia mbinu yenyewe. Hakuna aliyesema sigara ni tamu. Hakuna aliyetaja bei. Hakuna aliyeuliza itafanya nini kwenye mapafu. Kilichouzwa ni uhuru, na sigara ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa tazama matangazo yaliyokuzunguka. Tangazo la mkopo linakuonyesha familia inayocheka mbele ya nyumba mpya. Riba iko chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutia miwani. Tangazo la kubeti linakuonyesha kijana kama wewe akiwa ndani ya gari kubwa. Wale waliopoteza karo hawaonekani. Pombe inauzwa kama urafiki, na simu mpya inauzwa kama heshima. Kanuni ni ileile ya mwaka 1929: usimuuzie mtu kitu, muuzie hisia.

Daktari akisema, nani atabisha?

Kampuni nyingine, Beech-Nut, ilitaka kuuza bekoni zaidi, ile nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Bernays hakutangaza bekoni. Alimuuliza daktari kama kiamsha kinywa kizito si bora kuliko chepesi, kisha akamwomba aandikie wenzake. Kwa maelezo ya Bernays mwenyewe, madaktari karibu 5,000 waliandikiwa na karibu 4,500 wakakubali. Magazeti yakaripoti kwamba madaktari wanashauri watu wale vizuri asubuhi, na bekoni na mayai vikatajwa kama mfano. Msomaji alidhani anasoma ushauri wa afya, kumbe ni tangazo la mwenye kiwanda.

Kwa nini mbinu hii ina nguvu? Jibu lilionekana wazi miaka ya 1960. Mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaita wanaume 40, mmoja mmoja, akawaambia wabonyeze swichi za kumpiga mtu mwingine shoti ya umeme kila akikosea jibu. Kiukweli hakukuwa na umeme, na yule "anayepigwa" alikuwa anaigiza. Lakini wao hawakujua. Walipositasita, mtu aliyevaa koti la maabara aliwaambia kwa upole kwamba lazima waendelee. Watu 26 kati ya 40 walifika mpaka swichi ya mwisho, volti 450.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa kawaida waliomwona mtu mwenye koti na sauti ya mamlaka, wakaacha kujiamulia.

Tapeli wa simu hana koti, ana sauti tu. "Habari yako mteja wetu mpendwa, napiga kutoka huduma kwa wateja." Anajua jina lako lote. Anaongea Kiswahili safi, hana haraka mwanzoni, hata anakuonya ujihadhari na matapeli! Hiyo ndiyo sare yake. Ukishamkubali kama ofisi, atakuambia ubonyeze hiki na kile, na wewe utatii kama wale wa Yale.

Hofu inauza kuliko tamaa

Mwaka 1920, mwanasaikolojia John B. Watson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Alimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe. Mtoto hakuogopa. Kisha kila mtoto alipomgusa panya, kelele kubwa ilipigwa nyuma yake. Baada ya kurudia mara kadhaa, mtoto akawa analia akimwona tu panya, na hofu ikaenea mpaka kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Yaani hofu inaweza kufundishwa, kisha ikabandikwa kwenye kitu ambacho chenyewe hakina madhara.

Mwaka huohuo Watson alitoka chuoni. Unajua alienda wapi? Kwenye kampuni ya matangazo, J. Walter Thompson ya New York, ambako alifanya kazi kwa miaka mingi na kupanda cheo. Alishikilia kwamba tangazo zuri ni lile linalogusa hisia za msingi: hofu, hasira au mapenzi.

Baadaye watafiti wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza kwa nini hofu ni silaha kali hivyo. Katika kazi waliyochapisha mwaka 1979 walionyesha kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha. Ukiokota elfu moja utafurahi. Ukipoteza elfu moja utaumia zaidi, karibu mara mbili kwa makadirio yaliyofuata. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Ndiyo maana meseji nyingi hazikuambii utapata nini, zinakuambia utakosa nini. "Ofa inaisha saa sita usiku." "Usiachwe nyuma." "Vimebaki vitatu." Mwaka 1975 watafiti waliwapa watu biskuti kutoka kwenye chupa ya biskuti kumi, na wengine kutoka kwenye chupa ya biskuti mbili. Biskuti zilikuwa zilezile. Waliopewa kutoka kwenye chupa ya mbili ndio waliozitamani zaidi. Uchache peke yake unaongeza utamu, hata kama ni uchache wa kupangwa.

Na ndiyo maana tapeli hupenda kusema "laini yako itafungwa leo" kuliko "umeshinda zawadi". Zawadi unaweza kuikataa. Laini yenye pesa zako, namba zako zote na chama chako, hiyo utaikimbilia.

Kutoka dukani hadi kwenye debe la kura

Siasa haikuchelewa kujifunza. Mwaka 1924 Rais Calvin Coolidge wa Marekani alikuwa anagombea, na wananchi walimwona kama mtu mkavu asiyecheka. Bernays hakuandika sera mpya. Aliwapeleka wasanii maarufu Ikulu, akiwemo mwimbaji Al Jolson, wakanywe chai ya asubuhi na Rais, na magazeti yakapata habari ya kuandika. Rais yuleyule, sera zilezile, ila sura mpya.

Miaka arobaini baadaye, Septemba 1964, kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilirusha tangazo la televisheni linalokumbukwa hadi leo. Msichana mdogo anahesabu petali za ua. Sauti ya mwanamume inachukua hesabu na kurudi kinyumenyume. Ikifika sifuri, bomu la nyuklia linalipuka. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hakutajwa kwa jina hata mara moja. Haikuwa lazima. Watu tayari walikuwa na hofu kwamba angeleta vita. Tangazo lilikuja tu kuigusa. Kampeni ililipia tangazo hilo mara moja pekee, lakini vituo vya habari vikalirudia bila malipo.

Mbinu hizi zikiingia kwenye siasa, gharama si ya mfukoni tu. Miaka ya 1950 Bernays alikuwa akiifanyia kazi kampuni ya ndizi ya United Fruit, iliyomiliki ardhi kubwa nchini Guatemala. Rais Jacobo Árbenz, aliyekuwa amechaguliwa na wananchi, alianza kugawa ardhi isiyolimwa kwa wakulima, ikiwemo ya kampuni hiyo. Bernays akawapeleka waandishi wa habari Guatemala na kusaidia kuwatia Wamarekani hofu kwamba ukomunisti umefika mlangoni pao. Mwezi Juni 1954 serikali ya Árbenz ikaangushwa katika operesheni iliyoungwa mkono na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mtu aliyeuza sigara kwa jina la uhuru aliuza pia hofu iliyosaidia kuandaa njia ya kuondoa serikali ya watu wengine.

Usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Sisi Wakenya tunakumbuka meseji za chuki zilizosambazwa kwa simu kipindi cha uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata. Hazikuhitaji kampuni kubwa wala mtaalamu. Zilihitaji hofu ambayo tayari ilikuwepo, na kidole cha kubonyeza "sambaza".

Kisha wakaja wataalamu. Machi 2018, kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilirusha video iliyorekodiwa kwa siri ya wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica. Mmoja wao alijigamba kwamba walifanya kazi kwenye kampeni za urais nchini Kenya mwaka 2013 na 2017, kuanzia utafiti hadi maandishi ya ilani. Alieleza pia kwamba kinachowasukuma watu ni matumaini na hofu, na kwamba nyingine hata wenyewe hawajui wanazo mpaka waone kitu kinachoziamsha. Ukisikiliza vizuri, hayo ni mafundisho ya Freud na kazi ya mpwa wake, ila safari hii yana kompyuta na data. Mwaka huohuo Facebook ilisema data za watu hadi milioni 87 huenda zilifika kwa kampuni hiyo isivyostahili. Ni kiasi gani kazi yao ilibadilisha kura, watafiti bado wanabishana. Lakini nia yao waliieleza kwa midomo yao wenyewe.

Somo kwa mpiga kura ni lilelile la mteja. Ukipokea video inayokufanya utetemeke kwa hasira dhidi ya jirani yako wa kabila lingine, kuna mtu alitaka utetemeke hivyo.

Simu inaondoa uchungu wa kulipa

Hapa tuongee ukweli, hata kama sisi wenyewe tunaendesha huduma ya malipo kwa simu.

Ukilipa kwa noti ya elfu, unaiona ikitoka. Unaishika, unaitoa, mfuko unabaki mwepesi. Wataalamu wanauita uchungu wa kulipa, na uchungu huo unasaidia: ni breki. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio walilolifanya kwenye chuo cha MIT. Wanafunzi waliambiwa wataje bei wanayoweza kutoa kununua tiketi za mechi ya mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei karibu maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zilezile.

Simu imeondoa uchungu huo hata zaidi ya kadi. Hii ni baraka ukiwa unamtumia mama pesa ya dawa usiku wa manane. Ni baraka kwa mama mboga ambaye hahitaji tena kutafuta chenji. Lakini breki iliyotoka kwa malipo ya dawa imetoka pia kwa malipo ya ofa za usiku, kubeti na mikopo ya kubonyeza.

Kubeti kuna siri yake nyingine. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafunza njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kilipokuja bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya thelathini, njiwa walidonoa kwa kasi na hawakuacha upesi hata chakula kilipokatwa. Kutojua lini utapata ndiko kunakokushikilia. Mtu akikosa mechi moja tu kati ya kumi haoni kwamba amepoteza. Anaona "nilikaribia", halafu anaweka mia nyingine.

Na mikopo je? Hebu tufanye hesabu. Tuseme umekopa shilingi 5,000 kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 10. Skrini inakuonyesha "5,000" kwa maandishi makubwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Kubali". Utarudisha 5,500. Mia tano si nyingi, au sio? Sasa tuseme kila mwezi unalipa kisha unakopa tena, kwa sababu kulipa kumekuacha bila kitu. Baada ya miezi 12 umelipa ada ya shilingi 6,000. Yaani umelipia elfu tano kwa zaidi ya elfu tano, na bado unadaiwa elfu tano yenyewe. Hakuna aliyekudanganya kwa maneno; rangi ya kitufe na ukubwa wa maandishi vimefanya kazi yote.

Kwa bahati nzuri sheria zimeanza kufuata. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa kampuni za mikopo ya kidijitali: ni lazima ziwe na leseni, na haziruhusiwi kukutisha wala kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Aibu nayo ni hisia inayotumiwa kama kamba. Kabla ya kukopa kwenye apu yoyote, angalia kama iko kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni.

Tapeli hajavumbua kitu

Ukishaelewa yote hayo, soma meseji hii kwa macho mapya:

"Samahani ndugu, nimekutumia 3,500 kimakosa. Ni ya hospitali, mtoto amelazwa. Tafadhali nirudishie haraka, Mungu akubariki."

Meseji inayotangulia inaonekana kama uthibitisho halisi wa kupokea pesa. Hiyo ni sare ya ofisi. Mtoto amelazwa: huruma. Haraka: usipate muda wa kuangalia salio. Mungu akubariki: ukikataa utajiona mwenye dhambi. Mistari miwili, hisia nne.

Dawa yake ni rahisi. Usiamini meseji, angalia salio. Kama pesa haijaingia, hakuna cha kurudisha. Kama imeingia kweli, usimrudishie wewe mwenyewe kwa namba anayokupa. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake ili muamala urudishwe kwa utaratibu. Mtu mkweli atakubali. Tapeli atakasirika au ataongeza machozi.

Maswali manne kabla ya PIN

Umeona kwamba wauzaji, wanasiasa na matapeli wanatofautiana kwa nia, na wengi wa wauzaji ni watu halali wenye bidhaa nzuri. Lakini wote wananufaika na kitu kimoja: wewe kuamua kabla ya kufikiri. Kwa hiyo ulinzi wako mkubwa ni muda, hata kama ni wa dakika tano.

1. Ninahisi nini sasa hivi? Itaje hisia kwa jina: tamaa, hofu, huruma, aibu, hasira, hamu ya kuonekana. Ukiweza kuitaja, tayari imepungua nguvu.

2. Nikiondoa hisia, kinabaki nini na ni shilingi ngapi? Sema kwa sauti: "Nalipa 5,500 ili nipate 5,000 leo." Au: "Natoa 300 ambayo huenda isirudi." Hesabu jumla yote, pamoja na ada ya kutuma na ya kutoa.

3. Nani anafaidika nikiharakisha? Kama haraka ni yako, kwa mfano dawa au nauli, endelea. Kama haraka ni ya anayekuuzia, simama. Kizuri chajiuza, kibaya ndicho kinachojitembeza.

4. Nitaamua hivihivi kesho asubuhi? Kwa kitu chochote cha zaidi ya elfu moja ambacho hukupanga kununua, lala kwanza. Weka kiwango chako kulingana na mfuko wako.

Maswali haya yanafaa pia kwa meseji ya siasa. Badala ya PIN, weka kitufe cha kusambaza.

Igeuze silaha iwe yako

Saikolojia si mali ya wauzaji peke yao. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, wakauchapisha mwaka 2013. Baadhi ya watu walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuwekea pesa za afya. Hawakuongezewa kipato. Lakini ndani ya mwaka mmoja walikuwa wametumia zaidi kwa mambo ya kinga ya afya kuliko wasiopewa. Pesa iliyopewa jina na mahali pake ni ngumu kuigusa ovyo. Vyama vyetu vimejua hilo siku nyingi.

Unaweza kufanya hivyo kwenye simu:

- Siku mshahara au mauzo yanapoingia, hamisha kwanza pesa ya karo, kodi na akiba kwenye akaunti tofauti na ile unayolipia kila siku. Ipe jina: "Karo ya Januari", siyo "akiba" tu.
- Jiondoe kwenye meseji za matangazo usizozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa taarifa zako kutumiwa kukutangazia biashara.
- Futa apu za ununuzi, kubeti na mikopo kwenye ukurasa wa kwanza wa simu. Hatua mbili zaidi za kuzitafuta ni breki mbili zaidi.
- Mwisho wa mwezi fungua taarifa ya miamala yako. Weka alama kwenye malipo yaliyofanyika baada ya saa mbili usiku, uone mangapi ungeyarudia.

Na kanuni hii itumie hata kwetu. Tukikutumia ofa, tuulize maswali yaleyale manne. Kama haiwezi kusubiri mpaka asubuhi, huenda haikufai.

Waelezee pia wazee nyumbani, hasa wale wanaoogopa kumkatia simu mtu anayejiita wa ofisini. Waambie kukata simu si kukosa adabu. Wafanyakazi wetu hawatakuomba PIN yako kamwe, wala hawatakwambia uibonyeze ukiwa bado kwenye simu nao. Akikuomba, kata simu, kisha upige wewe mwenyewe namba ya huduma kwa wateja unayoijua.